Nesi Anayepima Kimo

Siku ya kwanza Sikudhani, mchuuzi wa mihogo wa Mzenga, alijaribu kupatana na nesi wa kliniki bei ya urefu wa mwanawe. Nesi alikuwa amemsimamisha mtoto huyo, Kudra, kwenye ubao wa kupimia, akavibana visigino kwa kiganja kipana, akazilaza nywele, akasoma mara mbili kama afanyavyo kwa kila mtoto: sentimita themanini na nne na nusu, fupi kwa mtoto wa miaka mitatu. "Andika themanini na nane, nesi, tusichoshane." "Hapa hatushushi wala hatupandishi, mama," akajibu bila kuinua sauti wala kalamu. Kisha akauliza maswali yake yaleyale, polepole: tumbo linauma lini, nani anamlisha. Bibi wa mtoto akajitapa kwamba yeye humtafunia mihogo kwanza, ndipo amlishe. Nesi hakukunja uso. "Bibi, kuna bakteria wa tumbo wanaoweza kupita kwenye mate na kumdumaza mtoto. Mkapimwe wote wawili." "Mate haya yamelea watu saba." "Huyu wa nane mpondee kwa kijiko. Atabaki mjukuu wako tu."

Hospitalini wote wawili walikutwa nao, wakameza dawa wiki mbili kamili. Nesi hakuahidi kitu. Miezi sita baadaye alibana visigino, akasoma mara mbili, akaandika themanini na tisa. Asante hakuisubiri, alishaita mtoto mwingine, mmoja wa watatu ambao Sikudhani amewaburuta kutoka kwa majirani. Aliyepoteza ni bibi: Kudra sasa anashika kijiko mwenyewe, hataki kulishwa na mtu.