Upinde Uliopakwa Sabuni

Mwanangu, ipo siku moja ya ujana wangu ambayo hadi leo nikisikia fidla redioni inanirudia, nikasahau hata chungu jikoni. Kaa hapo mkekani nikusimulie, maana tangu Jumapili nakuona umenuna kwa sababu mwenzio kapewa kuimba peke yake na wewe umewekwa nyuma. Sikulaumu. Huo moto ulio kifuani mwako mie naujua, nimelala nao na kuamka nao.

Enzi hizo za Mwingereza tulikaa Temeke, nyumba chache, mikorosho mingi. Parokia yetu ilikuwa na okestra. Usicheke. Fidla zilikuwepo, filimbi, tarumbeta, fidla moja kubwa ya kushikia magotini, na kinanda cha kukanyaga kwa miguu. Mwalimu Anselmi, mtu wa bara, ndiye aliyetufundisha sie wa darasa la jioni. Kwanza tunasoma, kisha tunapiga muziki. Hatukujua noti za Kizungu, alituandikia do re mi ubaoni, tukaimba mpaka zikaingia kichwani, ndipo akaturuhusu kushika ala.

Rafiki yangu alikuwa Yustina. Benchi moja, ndoo moja kisimani, hata kanga tulikuwa tukinunua pea moja tunagawana. Yeye alipiga fidla ya sauti ya pili, pamoja na wengine. Mie Mwalimu alinipa ile ya peke yake, mahali ambapo wote wananyamaza na fidla moja inapanda juu, juu, halafu inashuka polepole kama mtu anayelia kwa siri. Namshukuru Mungu kwa kile kipaji, lakini nisikufiche, nilikipenda pia kwa sababu Yustina hakuwa nacho. Yeye alikuwa na sura. Akipita njiani, watu wanasahau walichokuwa wanasema.

Basi akaja Mzungu mmoja wa sinema, anataka kutupiga picha tukipiga kipande cha muziki wa zamani wa huko kwao Ulaya. Tulifanya mazoezi jioni baada ya jioni. Joto la Temeke lilikuwa linalegeza nyuzi za fidla, tunakaza, zinalegea tena, na Mwalimu hachoki. "Hiyo fidla inataka kulia, nyie mnaifokea," alikuwa anasema. "Iacheni ilie."

Sasa elewa jambo moja, mwanangu. Sinema ile sauti ilinaswa siku yake na picha siku yake. Siku ya sauti tuliingia kanisani, tukatundika mikeka na kanga ukutani ili mwangwi usirudi. Majirani wakaombwa wafunge mbuzi mbali. Likipita lori la kwenda Kurasini, tunaacha, tunaanza upya. Ilipofika zamu yangu peke yangu, nilifumba macho. Nilipomaliza, yule Mzungu alivua vidude vyake vya masikioni, akasimama kuniangalia.

Kabla siku ya picha haijafika, bibi yangu mzaa mama akafariki. Tukazika, tukanyolewa nywele zote. Na kwetu aliyefiwa hagusi ala ya muziki mpaka arobaini ipite. Yule Mzungu naye alikuwa na safari, hawezi kungoja. Mwalimu alikuja kutoa pole, akakaa na baba, halafu akaniita pembeni.

"Tekla, sauti yako tunayo tayari," akasema. "Pale mbele nitamsimamisha Yustina, apitishe upinde tu."

Nikaitikia, "Sawa, Mwalimu." Ningesema nini, na kichwa kinang'aa vile?

Siku ya picha mie niko matangani, namenya mihogo na kina mama. Wao wako kiwanjani, nje, kwenye jua. Yule Mzungu kaweka kipaza sauti kikubwa kinachorudia muziki wetu, na wapigaji wanaigiza kuufuata. Pinde zote zilipakwa sabuni ziteleze tu juu ya nyuzi, zisitoe sauti nyingine. Basi nikajisikia mwenyewe. Fidla yangu ikapanda juu ya mikorosho mpaka pale nilipoketi na kisu mkononi, na nikajua sasa hivi, dakika hii hii, Yustina kasimama mbele ya mashine ya picha, kavaa gauni jeupe, anapitisha sabuni juu ya nyuzi.

Nikaanza kulia. Kina mama wakadhani namlilia bibi, wakanipapasa mgongo. Mama yangu hakudhani hivyo. Alisogea karibu, akasema taratibu wasisikie, "Mie nimemzika mama yangu. Wewe unalilia picha. Futa uso, umenye mihogo."

Neno lile lilinichoma, lakini wivu haukutoka. Wivu ukikaripiwa unajificha tu.

Miezi ikapita, nywele zikaota, gari la sinema likaja. Shuka likatundikwa kiwanjani, watu wakaja mpaka wa Buguruni kwa miguu, Waislamu kwa Wakristo. Uso wa Yustina ukajaa shuka zima. Sauti yangu ikatoka, na watu wakampigia Yustina vigelegele.

"Vile vidole vinaongea," akasema mama mmoja nyuma yangu. "Mtoto kajaliwa yule."

Mwenzake akajibu, "Na yule Tekla aliyekuwa akisifiwa kwa fidla, yuko wapi? Kumbe wa kawaida tu."

Tangu siku ile wakamwita Yustina wa Sinema. Kila wanapomwita hivyo, mie mate yanakuwa machungu. Nikaacha kumngoja kisimani. Akinisalimia naitikia nikiangalia ndoo. Kanisani nasali rozari, mkono unahesabu punje, moyo unahesabu sifa zake.

Halafu ikaja posa. Kijana karani wa bandarini kamwona kwenye sinema, kapenda. Mama wa kijana akatuma neno: siku tukija kumwona binti, atupigie kile kipande.

Yustina akaja kwetu, mlangoni, hakuingia. "Tekla, pale juu mie sipawezi. Unajua."

Nikamwambia, "Si ulipaweza kwenye sinema?"

Akasema, "Unadhani mie nafurahi? Kila anayenisifu anakusifu wewe, na mie ndiye ninayesikia. Wakinitaka nipige, nasema mkono unauma. Nimechoka kuumwa mkono."

Moyoni nilikuwa nimeshaiona siku hiyo, fidla inakwaruza, wageni wanatazamana, na mimi nimekaa kimya. Yustina akageuka kuondoka. Mama alikuwa ndani, kasikia yote. Akatoka na fidla yangu, akaniwekea mapajani.

"Ulilia kwa sababu hawakukusikia," akasema. "Huyu hapa kakusikia. Mfundishe, au uchome hiyo fidla tupikie chai."

Tulianza kwa kuosha upinde wake. Sabuni ya siku ile ilikuwa bado imeganda, hata ukipaka ulimbo, ile gundi ya mti inayofanya upinde ung'ang'anie nyuzi, haushiki. Tuliuosha taratibu, tukauanika, tukaupaka ulimbo upya. Kisha nikamshika kiwiko. Jioni ya kwanza nilimfundisha kwa hasira, namkatiza kila mara. Jioni zilizofuata nikaanza kusahau hasira, maana mtu ukimshika mkono anakosea, unamsahihisha, anakosea, siku anapopatia unaruka wewe kabla yake.

Wageni wakaja kwa kina Yustina, nami nimeketi pembeni. Yustina akapiga. Pale juu alipapanda, akateleza kidogo, akashuka salama. Mama wa kijana akainamisha kichwa. "Vizuri. Lakini siyo kama kwenye sinema."

Nikamwona baba yake Yustina anameza mate. Maneno niliyoyatamani miezi yote yalikuwa pale hewani, na mie nikaomba Mungu Yustina asiyaseme.

Akayasema. "Mama, kwenye sinema mpigaji ni Tekla, huyu hapa. Alikuwa msibani. Mie nilikuwa napitisha sabuni."

Mama yule alinitazama, akamtazama tena Yustina. Nilidhani atachukua mkoba wake. Akacheka. "Mie nimekuja kutafuta mkwe, sikuja kutafuta bendi. Na mkwe anayesema kweli mbele ya wageni, namchukua leo. Haya, huyo Tekla naye apige tumsikie."

Nikapiga. Yustina alikuwa ananitazama vidole na midomo yake inahesabu pamoja nami.

Ndiyo hivyo, mwanangu. Nisikudanganye kwamba wivu ulikufa siku ile. Gari la sinema liliporudi, nilikaa nyuma kabisa na kifua kikaniuma. Ila nilikuwa nimejua pa kuupeleka. Ukimwonea mtu wivu usimkimbie, maana ukiwa mbali naye unamwona mkubwa kuliko alivyo. Msogelee. Mshike kiwiko kwenye kazi yake, umwonyeshe unachokijua, umsikilize na yeye kinachomuuma. Kesho nenda kwa huyo mwenzio, mkafanye mazoezi pamoja. Wewe unajua pale anapokosea, nimekuona ukimsahihisha kimoyomoyo.

Mungu akulainishie moyo, akupe sauti isiyochoka, na akupe mwenzio wa kukusemea kweli mbele ya wageni. Nenda kaoge, tusali, tule.