Mkono Uliovuliwa Ngozi

Saa moja asubuhi, Kobe anabana ubao kwa mkono wa chuma na kusukuma randa kwa mkono wa nyama. Vidole vya chuma vinalia zii, vinafunga, vinatulia. Mkewe anaingia karakanani na chai, anapachika kikombe katikati ya vidole hivyo.

"Shika. Usinimwagie kama jana."

"Jana ulikuwa unanichekesha."

Miezi michache iliyopita, mama huyu hakuweza kukaa karibu na mkono huo.

Jina la Kobe alibandikwa na wateja waliochoka kusubiri viti vyao. Ni seremala mzuri, ila hana haraka. Siku moja aliyokuwa na haraka, msumeno wa umeme ulimla kiganja cha kushoto.

Kwa zaidi ya mwaka hakushika kazi. Mkewe alifua nguo za watu ili watoto wale, na jioni akarudi kumfungua mume vifungo vya shati.

"Kigutu alikipaka mafuta mwenyewe," anasema Kobe. "Hakuna siku alinikunjia uso. Huyo ndiye mke. Wengine ni wapangaji."

Kisha kituo cha viungo bandia kikampa mkono wa roboti bila malipo. Alikwenda peke yake kuchagua umbo la nje. Akachagua ngozi ya mpira iliyofanana na yake kabisa: mishipa, vinyweleo, kucha, hata kovu la patasi.

"Nilitaka kumrudishia mume mzima."

Mkewe aliusifu mkono, akashukuru, halafu akaanza kulala ukingoni mwa kitanda. Kobe akaamini kwamba amechokwa. Akanuna.

Siku moja jikoni alimshika bega kwa mkono ule. Sufuria ikamponyoka mkewe.

"Kigutu chako nimekizoea, baba watoto," akasema. "Huu ndio siuwezi. Una kucha lakini hazikui. Una mishipa lakini ni baridi. Ukiuacha mezani, nakaa nikisubiri usogee. Tumepewa bure, nikaogopa kuonekana sina shukrani."

Kobe aliivua ile ngozi kama soksi. Ndani kulikuwa na chuma, nyaya na vifundo. Mkewe akagusa kidole kimoja, kisha kingine.

"Kumbe ni koleo tu," akasema, akacheka mpaka akakaa sakafuni.

Fundi wa kituo hakushangaa waliporudisha ngozi. "Koleo halimtishi mtu," anaeleza. "Lakini kitu kikifanana na binadamu sana, halafu kikakosea kidogo, moyo unashtuka kama umeona maiti ikipepesa macho. Wengine hawajali. Nilipaswa kuuliza nani ataishi nao."

Kobe hana kinyongo naye. "Amenirudisha kazini. Nikimlaumu nitakuwa mwizi wa fadhila. Na huyu mama, hata nikimshukuru mpaka meno yaishe, bado haitatosha."

Mwezi ujao kituo kimemwalika azungumze na wanaosubiri mikono. Atawaambia waje na wenzi wao.

"Nakwenda naye," anasema mkewe akichukua kikombe kitupu. "Hao wake wataitikia kwa adabu tu, kama mimi. Nitawatoa nje, niwaulize ukweli, waume zao wakiwa hawasikii."