Ndoo ya Makombo

Mkuu wa chuo chetu cha ufundi hapa Kasese alibandika karatasi kwenye mlango wa jiko, imeandikwa kwa herufi kubwa: CHAKULA ENDELEVU. Wanawake ninaopika nao waliisoma wakaniuliza kama maana yake ni kiporo. Chakula kinachoendelea mpaka kesho yake, wangefikiria nini kingine? Mimi mpishi mkuu sikutaka wajue kwamba nami sijui. Niliwaambia wakaoshe masufuria.

Maelezo tuliyapata mkutanoni. Miaka yote unga wetu wa kusongea posho, yaani ugali wa mahindi, uliletwa na lori kutoka mbali, likikwama Kikorongo tunakula kwa kuchelewa. Sasa chuo kitanunua kwa majirani: maharage ya Nyakalengija, samaki wa chumvi wa Hamukungu, na badala ya unga wa mahindi, unga wa muhogo kutoka kwa kikundi cha wanawake wa Bwera. Tutajaribu wiki mbili. Mkuu alisema hatauliza maoni ya mtu, ataangalia ndoo ya makombo, ile tunayomwagia masazo kwa ajili ya nguruwe wa askari wa getini. Ndoo ikijaa kila siku, lori litarudi.

Niseme ukweli: nilitaka ijae. Mimi ni mtoto wa kambi. Baba alikuwa mwanajeshi kutoka Teso, na Kiswahili changu nilikipata kambini pamoja na posho na maharage. Muhogo kwetu ulikuwa chakula cha njaa, kitu cha bibi kule kijijini. Nimesonga posho ya mamia ya watu tangu wanangu hawajazaliwa, halafu nianze darasa la kwanza uzeeni? Nilikasirika, na hasira yangu haifichiki, hata vifuniko vya sufuria huisikia.

Mwenyekiti wa kikundi alileta magunia ya kwanza mwenyewe. Ni mama wa umri wangu, alivuka mpaka kutoka Butembo, Kongo, akiwa na watoto wanne na godoro moja. Bwera alianza kwa kuwamenyea watu muhogo ili apate sahani ya chakula. Baadaye wakajikusanya wanawake, wenyeji na Wakongo pamoja, wakakodi mashamba, wakapata mashine ya kusaga. Muhogo wote wa msimu huo walikuwa wametuwekea sisi tu. Tukiwakataa, alisema, mashine itafungwa naye atarudi kumenya. Alisema hivyo bila kulalamika, kama mtu anayekuelekeza njia. Nilimpenda papo hapo, na hilo likaniudhi zaidi.

Jumatatu nikapika. Niliweka maji, nikamwaga unga kidogo kidogo, nikasonga, nikaacha uive nusu saa kama posho inavyotaka. Kilichotoka humo sijui nikiite nini. Mwiko ulisimama katikati ya sufuria peke yake. Wanafunzi walio watoto wa wanajeshi na polisi walisukuma sahani pembeni, hilo nililitegemea. Walioniumiza ni Wakonzo, wenyeji wa hapa, kwa sababu wao bundu, ugali wa muhogo, wanaijua tangu titi la mama, na waliitazama kwa huzuni ya mtu anayemwona ndugu yake mgonjwa. Msichana mmoja wa useremala aliniuliza, kwa adabu kabisa, kama anaweza kubeba kidogo akagundishie kiti.

Ndoo ilijaa kabla foleni haijafika nusu. Tukatafuta nyingine. Askari wa getini alinishukuru kwa niaba ya nguruwe wake. Mkuu alichungulia ndoo zote mbili, akarudi ofisini. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, lakini sikusikia utamu wowote. Nilimwona tu akilini yule mama na kisu cha kumenyea. Basi badala ya kujilaumu nikapiga simu Bwera kufoka. Nilimwambia unga yenu iko mbaya.

Kesho yake alfajiri yule mama alikuwa mlangoni, ametoka Bwera kwa gari la kwanza. Hakunisalimia kwa hasira. Aliuliza habari za nyumbani, kisha akaomba aone sufuria. Ilikuwa bado imelowekwa. Akakwangua kwa ukucha, akanusa, akauliza nimeiacha motoni muda gani. Nikamwambia nusu saa, kama kawaida. Alikaa chini kwenye kigoda, na mimi nikajiandaa kutukanwa.

"Mama," akasema, "bunga ya muhogo haipikwake. Inashituliwa tu."

Akanieleza. Maji yachemke hasa, moto utolewe, unga uingie wote kwa mara moja, usongwe kwa nguvu mpaka ung'ae, basi. Ukiuacha motoni unageuka gundi. Nilisikia uso unawaka moto. Bibi yangu alisonga atapa, ugali wa Kiteso wa muhogo na mtama, hivyo hivyo, namkumbuka ameshika sufuria kwa miguu, nami nikiwa nyuma yake nikitamani posho ya kambini. Nilikuwa na elimu hiyo nyumbani kwetu nikaitupa. Nilimwomba radhi yule mama kwa ile simu. Akasema kwao mtu anayepiga simu ni mtu anayetaka kusaidiwa.

Ila kulikuwa na tatizo ambalo yeye hakulijua. Sufuria zetu zimejengewa kwenye jiko la udongo, haziinuliwi. Na hata kuni ukizitoa, udongo unaendelea kupika. Hapo ndipo ujuzi wangu ulipohitajika. Yeye aliujua unga, mimi niliujua umati. Nikasema tuchemshie maji kwenye hizo kubwa, tuyahamishie kwenye sufuria ndogo zilizopangwa sakafuni, kila moja na msongaji wake. Nikamwambia mgeni njoo, mwenyeji apone. Akaniangalia, mtu wa Teso mbele ya Mkongo, akauliza mgeni ni nani kati yetu. Tulicheka mpaka wasaidizi wakaja kuona kuna nini.

Saa ya chakula ilipokaribia nilisimama katikati kama afande. Nikiamuru maji, maji yanaingia. Nikiamuru unga, unga unaingia wote kwa pamoja, na miiko inakwenda. Mama alipita akibonyeza kila sufuria kwa kidole, hii ndiyo, hii bado, ongeza nguvu. Tukapakua na samaki wa Hamukungu kwenye mchuzi wa karanga. Halafu tukakaa dirishani kuwatazama wanaokula. Alikuwa ameshika kona ya kitenge chake, anaikunja na kuikunjua.

Yule msichana wa useremala alirudi kuomba nyongeza. Wakamfuata wengine, na wale watoto wa wanajeshi nao, waliojifanya wamekuja kuomba maji. Tulikwangua sufuria ya mwisho. Mkuu akaja, akainamisha ndoo kwenye mwanga. Ndani kulikuwa na miiba ya samaki tu. Akaitikia kwa kichwa, akaomba sahani yake, na ikabidi nimwambie hakuna kilichobaki. Siku hiyo mkuu wa chuo alikula ndizi mbivu.

Mama akaniuliza ile karatasi ya mlangoni inasema nini. Nikajaribu: eti chakula cha kuendelea, kisichokoma. Akatikisa kichwa.

"Chakula haiendelee, mama. Chakula inaisha. Ikiisha mu sufuria, siye ndio tunaendelea."

Lori halijarudi tangu wiki zile mbili, na mashine ya Bwera inasaga. Jioni ile, baada ya kumsindikiza kituoni, niliibandua karatasi, nikaigeuza nyuma, nikaandika kwa mkaa: CHAKULA KIMEISHA. Mkuu anapita pale kila siku, na hajaniambia niitoe.