Mikaratusi ya Baba Hans

Anyesi hakuwa mtu wa kuambiwa neno juu ya miti ya marehemu mumewe. Ungeweza kumwambia kahawa yake imeingia ugonjwa, ng'ombe wake amekonda, hata kwamba mwanawe Hans kule Sekei amesahau njia ya kanisani. Angekusikiliza na chai angekupa. Lakini ukigusa tu mikaratusi, aliinuka akaanza kufagia ua uliokwisha kufagiwa, nawe ulijua umeagwa.

Miti hiyo ilikuwa arobaini na mmoja, imeizunguka chemchemi iliyo chini ya shamba lake, kwenye mteremko wa Mlima Meru. Mumewe, Elimringi, aliipanda mwaka aliozaliwa Hans. Wakati huo alikuwa kibarua kwenye kitalu kimoja cha miche upande wa Olmotonyi, na kila mwisho wa mwezi alirudi na miche iliyobaki ndani ya gunia, ameipakata kwenye basi kama mtoto mchanga. Alitaka kuwazuia ng'ombe wasiivuruge chemchemi, na mkaratusi hukua upesi. Kijiji kizima kilimsifu. Mchungaji alimtaja kwenye ibada, na mwaka uliofuata akachaguliwa mzee wa kanisa. Kwamba mkaratusi ni mgeni anayekunywa kuliko wenyeji, hakuna aliyelisema. Labda hawakujua, labda waliona haya kumharibia mtu sherehe yake.

Anyesi alikuja pale akiwa bibi harusi, na kazi yake ya kwanza kwenye boma lile ilikuwa kuchota maji. Yalikuwa baridi hadi meno yanauma. Yalitoka chini ya jiwe kubwa, yakapita kwenye magimbi, yakaingia mferejini na kuteremka hadi mtoni, na huko chini Nduruma watu waliyatumia kumwagilia vitunguu bila kujua yametoka kwa nani. Usiku aliyasikia akiwa kitandani. Sauti ile ndiyo iliyompokea alipokuwa mgeni, kabla hata mama mkwe hajamkubali, na hakuna kitu katika ujana wake alichokitamani uzeeni kama hiyo.

Maji yalianza kupungua Hans akiwa darasa la tano. Alipomaliza sekondari, chini ya jiwe palikuwa na vumbi. Wanawake wakaanza kupanda mlima kufuata bomba.

Aliyekuja kulisema ni Anande, dada mkubwa wa Elimringi, aliyeolewa mashamba mawili tu kutoka pale. Mama huyo hakujaliwa kumung'unya maneno. Alisimama uani, mbele ya wageni waliokuja kumpongeza Elimringi kwa ukuta mpya wa nyumba, akasema, "Mdogo wangu, miti yako inakunywa maji yetu."

Elimringi akacheka ili wageni nao wacheke. "Dada, huo ni wivu."

Mchezo ukaishia hapo. Kwa miaka kumi na mmoja, ndugu hao wa tumbo moja walipokea Chakula cha Bwana wakiwa kwenye ncha mbili za mstari, na usharika mzima ukajifanya hauoni.

Kisha Elimringi akaugua. Wiki mbili hakula kitu. Asubuhi moja akamwambia mkewe, "Mama Hans, niletee maji ya chemchemi."

Anyesi alijua kilichobaki chini ya jiwe ni vumbi. Akaenda jikoni, akachota maji ya bomba kwenye ndoo, akamletea kwa kikombe cha bati. Elimringi akaonja, akafumba macho.

"Haya si yenyewe," akasema. Kisha akaongeza, "Ni miti yangu."

Siku ya tatu alifariki. Walimzika migombani, nyuma ya nyumba, na Anande alisimama mbali kama mtu aliyesindikiza tu. Maneno yale Anyesi hakumwambia mtu, hata Hans.

Mwaka haukupita, Anande akaja tena, safari hii na Nathanaeli, katibu wa kamati ya maji, kijana mwenye adabu.

"Shikamoo, mama," Nathanaeli akasema. "Tumekuja kuhusu ile miti. Tukiikata, maji yanaweza kurudi. Siahidi. Nimeona mahali yamerudi, na mahali hayakurudi."

Anyesi akachukua ufagio.

Msimwone mkaidi. Upepo ukivuma jioni, majani ya mikaratusi hutoa sauti inayokaribia kabisa ile ya maji, na yeye alizoea kwenda kukaa chini yake, akafumba macho, akawa na vyote viwili, mume na chemchemi. Tena, kuikata ilikuwa kuwatangazia watu kwamba Elimringi alikosea. Mke gani wa mzee wa kanisa anaanza hilo?

Alishikilia hivyo miaka mitatu. Siku moja akiwa amekaa pale pale kivulini, alimwona Anande akiteremka kutoka bombani na ndoo kichwani, naye ana miaka sabini na minne. Anande akatua ndoo kwenye lile jiwe kubwa apumzike. Akatazama huku na huku, asimwone mtu. Kisha akainama, akaingiza mkono chini ya jiwe, akapapasa vumbi polepole, kama anayetafuta kitu alichokidondosha mwenyewe. Akautoa mkono, akaufuta kwenye kitenge, akajitwika ndoo yake, akaenda.

Anyesi alilia. Alikuwa akidhani yeye peke yake ndiye mwenye kiu ile. Kumbe Anande alikuwa ameyachota maji hayo akiwa na mdogo wake mgongoni.

Kesho yake alikata jani la isale kwenye mpaka wa shamba, akalifunga fundo, akaenda nalo. Kwa Wameru, mtu akikuletea isale kuomba msamaha hana tena haja ya kujieleza sana, nawe huna tena ruhusa ya kukataa. Anande alilitazama mlangoni, mikono ameiweka nyuma.

"Wewe hukunikosea, wifi."

"Si langu. Ni la Baba Hans."

"Marehemu haleti isale."

"Ndiyo maana nimelileta mimi," Anyesi akasema. Akamweleza habari ya kikombe cha bati na maneno yale mawili. Anande alisikiliza hadi mwisho. Akalipokea jani kwa mikono miwili, akaketi kizingitini, na ilimchukua muda kuinuka.

Mikaratusi ikaangushwa kwa siku nne. Mahali pake wakapanda miti ya kienyeji, mikuyu na miringaringa, miche midogo inayotia huruma. Lakini visiki vya mkaratusi haviambiwi jambo mara moja. Mvua ya kwanza tu, vyote vikachipua, machipukizi yenye afya kuliko miche yenyewe. Nathanaeli akamwambia dawa ni panga, kila wiki, hadi visiki vichoke. Anyesi akachagua Jumatano. Akawa anateremka peke yake, anakata, anasema, "Baba Hans, tulia basi," na siku nyingine machozi yanamtoka, maana kila chipukizi lilikuwa na harufu ya shati lake.

Mwaka wa kwanza ukapita, na wa pili, na wa tatu. Sasa hakuwa na miti wala maji. Upepo ulivuma na kulikuwa kimya. Hapo ndipo alipojua maana ya ujane. Mara mbili alitaka kumwuliza Anande kama walikosea, na mara mbili akameza.

Mwaka wa nne, chini ya jiwe palichomoza magimbi ambayo hakuna aliyeyapanda. Masika ya mwaka wa tano, Jumatano moja, Anyesi alisikia chura. Akasimama na panga lake. Udongo chini ya jiwe ulikuwa mweusi. Akachimba kwa vidole, shimo la kutosha ngumi, akangoja huku amepiga magoti. Maji yakaja polepole, yenye tope, kisha yakaanza kung'aa.

Alimwita Anande kwa sauti ambayo hakuitumia tangu usichana. Mama wa watu akaja na mkongojo, akaingiza mkono, akasema tu, "Ni baridi." Wakakaa pale bega kwa bega, bila haraka ya kwenda popote.

Baadaye Anyesi alileta kikombe kile cha bati, akakijaza, akapanda nacho migombani bila kumwaga hata tone. Mchungaji angeuliza, angejibu anamwagilia maua. Alikunywa nusu, meno yakamuuma. Iliyobaki akaimimina taratibu juu ya kaburi.

"Haya ndiyo yenyewe," akamwambia.

Kisha akarudi chini kuchukua panga lake, kwa kuwa ilikuwa Jumatano na visiki vilikuwa bado havijachoka.