Sponji Atafuta Mshauri wa Ndoa

Mkwe wangu ni fundi makochi. Mtaa mzima unamwita Sponji. Binti yangu, mkewe, humwita hivyo akikasirika tu. Mwaka huu kamwita Sponji sana.

Asubuhi moja akamwambia, mimi nikiwa hapo hapo nanywa chai:

"Tafuta mshauri wa ndoa. Mwezi ukiisha hujapata, nahamia kwa shangazi."

"Mshauri wa nini? Nimekupiga? Nimekunyima?"

"Hujanipiga, hujaninyima. Na kunisemesha hujanisemesha."

Naishi kwao tangu mke wangu afariki, mwezi wa nane sasa. Nikaendelea na chai yangu. Ila nilijua binti yangu hatishii nyau. Kwa hilo kamfuata mama yake.

Sponji akatafuta mshauri kama anavyotafuta mbao: kwa kukagua. Akambeba mkewe, akanibeba na mimi, niwe shahidi.

Mshauri wa kwanza alivaa tai, na vyeti vimejaa ukutani. Sponji hakuvitazama. Alibonyeza kochi kwa ngumi, akainama, akachungulia uvunguni.

"Twende."

"Hata salamu hajamaliza mwenzio!" binti yangu akasema.

"Kochi limepigwa misumari ya viatu. Mtu hajui amekalisha wageni juu ya nini, ndoa yangu ataijulia wapi?"

Wa pili alikuwa mama mtu mzima, zamani mkunga. Kochi lake limezama katikati kama karai. Sponji hakukaa kabisa. Yule mama akacheka. "Nenda, kaka. Mlango ni ule ule mlioingilia."

Wa tatu sasa. Kochi la haja! Springi zote hai, kitambaa kimevutwa sawasawa, pembe zimekunjwa kama bahasha. Sponji alikaa akafumba macho. Mshauri akaanza kutueleza ndoa yake ya kwanza. Kisha ya pili. Tulipofika ya tatu saa yetu ilikuwa imekwisha, na mimi ndiye nampa pole.

Njiani binti yangu akasema, "Wewe umechagua kochi. Mimi sasa nachagua mtu. Kesho tunarudi kwa yule mama. Mwezi umebakiza siku nne."

Tukarudi. Kochi lile mkikaa wawili, mnateleza hadi mabega yagongane, mpende msipende. Wakagongana. Mimi nikapewa stuli.

"Haya kaka," mama akasema, "nipe habari za mkeo."

"Springi ya katikati imekufa."

"Nimekuuliza mkeo."

"Na mkanda wa chini umelegea. Nikipata nusu siku tu..."

Binti yangu akaangua kilio.

"Mama yangu amekufa, huu mwezi wa nane. Huyu mwanaume anaona springi iliyokufa nyumbani kwa watu. Mimi hajaniuliza hata siku moja."

Sponji akatazama vidole vyake. Vina makovu ya sindano.

"Niliogopa kukutonesha."

Nikaona nimsaidie. "Ni kweli, mwanangu. Mimi msibani hakunisemesha, lakini alinitengenezea kiti. Kizuri."

"Baba, mimi si kiti!"

Nikavuta stuli yangu nyuma.

Yule mama akamgeukia Sponji. "Mteja akikuletea kochi, unaanzaje?"

"Namuuliza linamuumiza wapi."

"Basi."

Sponji alihangaika kugeuka ndani ya shimo lile, goti huku, kiwiko kule, mpaka wakatazamana.

"Unaumia wapi?"

Binti yangu akafuta pua kwa mtandio.

"Asubuhi. Nachukua simu nimpigie. Halafu ndio nakumbuka."

Mimi pia ni asubuhi. Sikusema.

"Wiki iliyopita je?" Sponji akauliza. "Ulichukua simu?"

"Kila siku."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Umelala pale pale, Sponji. Unakoroma."

Akacheka kidogo akiwa na machozi. Yule mama akanigusa bega. "Mzee, tupishe kidogo."

Nikatoka. Nje palikuwa na benchi, na mume na mke wengine wanangoja, huyu ncha hii, yule ncha ile, wamepeana migongo.

"Mzee, waliomo ndani wanakaribia kumaliza?" mwanamume akaniuliza.

"Ndiyo kwanza wameanza."

Mkewe akamrushia jicho. "Umesikia? Wenzako wanaongea."

"Na mimi nitaongea! Zamu yetu haijafika."

Miguu ilikuwa inaniuma. Nikakaa katikati yao.