Rimiksi ya Saba

Wimbo ulikuwa wa Waingereza, wa kuchezea disko: mwanamume anaghani harakaharaka, mwanamke anapokea kiitikio, ngoma haipumziki. Mwenye duka la redio pale Nyasubi, Mhindi mpole aliyeniacha nijifunze ufundi kwa kuharibu vitu vyake, alikuwa ameazima santuri mbili kwa ndugu yake wa Mwanza. Zilikuwa na wimbo huo mmoja, mara saba, kila mara umetengenezwa upya.

"Hawa wameshindwa kuumaliza," alisema. "Kama wewe na ile redio ya mwalimu unayoifungua kila siku."

Mimi nilizitaka rimiksi zote saba, kwa mpangilio, bila dosari. Nilirudia kurekodi wiki nzima. Mkwaruzo mmoja ulitosha kuninyima usingizi. Siku ya kurudisha santuri, kaseti yangu ilijaa pande zote mbili kwenye rimiksi ya sita, ya saba ikakosa nafasi.

Nyumbani kulikuwa na kaseti nyingine moja tu: barua ya kaka yangu. Alikuwa akichimba dhahabu upande wa Geita, na kwa kuwa mama hakujua kusoma, alizungumza kwenye kaseti, Kisukuma kitupu, akampa dereva wa lori atuletee. Alijaza upande mmoja; ule mtupu mkanda ulikuwa umejikunja ukingoni, ungekwaruza. Alikuwa amevunja mwenyewe vile vijino vya juu ili mtu asirekodi tena. Niliikimbilia, nikaziba matundu kwa karatasi niliyoitafuna. Nilijiambia tumeshaisikiliza mara nne, na ataleta nyingine.

Rimiksi ilipoisha, sauti ya kaka ilirudi, katikati ya neno. Ingeharibu kazi. Nikarudisha mkanda kidogo, nikainua sindano ya santuri, nikaacha deki ya kaseti irekodi ukimya mpaka upande ukaisha.

Nakiri kwamba nilifurahi. Ilitoka safi kabisa.

Mvua za mwaka ule shimo lao liliporomoka. Hawakuweza kumtoa kaka, tukaweka matanga bila mwili. Siku ya tatu mama alikuja ameikumbatia redio, shangazi zangu wakiwa wamekaa mkekani.

"Fundi," aliniita, wala hakuwa akitania. "Niwekee mwanangu aongee."

"Mkanda umekwama, mayu."

Akaniletea kalamu ya biki. "Usokote basi. Si ndivyo unavyowafanyia watu?"

Nilisokota mpaka nikauvuka muziki wote, nikabonyeza. Tukakaa tukisikiliza mvumo mtupu. Shangazi mmoja akasema redio imekufa. Mama akamnyamazisha kwa mkono. "Ndivyo alivyo. Anafikiri kwanza."

Kaseti ikafika mwisho, kitufe kikaruka.

"Geuza," mama akasema.

Hapo nikamwambia nilichofanya, mbele yao wote. Hakunipiga. Aliitoa kaseti, akaifunga kwenye pindo la kanga yake. Redio yake ikiharibika, mpaka leo humpelekea fundi mwingine.