Radi ya Sehemu ya Tatu

Philomena Mboje ni fundi cherehani pale Bariadi, mwanamke mrefu mwenye mikono mizito, na Jumapili hupiga ngoma kubwa kwenye bendi ya matarumbeta ya kanisani kwao. Ameipiga kwenye harusi, misiba na mapokezi ya askofu, wala hajawahi kulalamikiwa. Wasichokijua wengi ni kwamba mawingu yakianza kukusanyika, mwanamke huyo huyo huacha nguo ya mteja kwenye cherehani, akafunga mlango wa kibanda, akakaa sakafuni na kujifunika kanga mpaka radi ipite.

Ana sababu. Alipokuwa mtoto, huko kijijini karibu na Mwandoya, radi ilipiga darasa lao hata kabla tone la mvua halijaanguka. Aliona weupe mtupu, kisha akajikuta chini ya dawati, masikio yamezibwa kama yamejazwa pamba. Gloria, mdogo wake wa kumfuata, alikuwa amekuja dirishani kumwomba rula. Hakuinuka tena. Baada ya mazishi watu wakaanza kunong'ona kwamba radi ile ilitumwa, majina yakatajwa, na kabla ubaya haujatokea baba yao akaihamisha familia mjini. Tangu siku hiyo jina la Gloria halikutamkwa nyumbani.

Ndipo mzee Ngassa Masalu aliporudi Bariadi. Maisha yake yote alikuwa Dar es Salaam akitunga muziki wa filamu, na hapakuwa na mtu mjini asiyejua angalau wimbo wake mmoja. Vijana waliuweka kwenye simu, wauza chipsi waliupiga mluzi. Ila waliojua kwamba ametunga pia simfoni mbili walikuwa wa kutafuta. Simfoni, aliwaeleza wanabendi, ni muziki mrefu wa vyombo vingi, una sehemu kadhaa kama sura za hadithi, lakini hauna maneno. Ya kwanza haikupigwa hata mara moja. Ya pili ilipigwa Dar, mbele ya ndugu zake na viti vitupu.

"Watu husikiliza muziki wangu huku wakitazama kitu kingine," alimwambia Bujiku, mwalimu wa bendi. "Kabla sijafa, nataka wausikilize bila kutazama kitu."

Hiyo ya pili aliipanga upya kwa ajili ya bendi yao na wapiga fidla wachache wa kutoka Mwanza. Ilihusu mvua za kwanza: jua kali, wanawake wakilima, radi, kisha mvua yenyewe. Bujiku alipofika sehemu ya tatu alimgeukia Philomena. "Hapa ni pako."

Siku ya mazoezi alianza kugonga polepole kama alivyoelekezwa, na ngoma ikaanza kunguruma toka mbali. Ngurumo ilivyozidi kusogea, aliliona dirisha la lile darasa, akaona na vidole vya Gloria vimeshika nondo. Virungu vikamponyoka. Alitoka nje mbio, akasimama ukutani, pumzi zikimpaa.

Ngassa alimfuata. "Mwadila, mayu," alimsalimu Kisukuma kwa upole, kama ndiyo kwanza wakutane. Philomena alimweleza yote kwa sauti ndogo, macho chini.

"Kwenye filamu nimeweka radi nyingi sana," mzee alisema. "Muuaji akiingia, radi. Mchawi akicheka, radi. Sikuwahi kufikiria nani anasikiliza. Sehemu hii naiondoa."

"Ile filimbi inayoingia baada ya pigo kubwa," Philomena aliuliza, "inasema nini?"

"Haisemi. Inatafuta mtu."

Philomena alifuta uso kwa upande wa kanga. "Usiiondoe," alisema. "Nitajaribu."

Jumapili ya onyesho, mchana, mbingu ilikuwa nyeusi upande mzima wa magharibi. Philomena alisimama mlangoni akiitazama, akaingia. Watu walijaa, wengi wakitarajia ule wimbo wa filamu. Sehemu ya kwanza ikapita. Katikati ya ya pili ngurumo ya kweli ikasikika, na akaanza kutazama bati lililokuwa juu yake, tarumbeta zote zile, nondo za madirisha. Alimwomba Mungu miguu imbebe hadi mlangoni. Miguu haikumsikia.

Sehemu ya tatu ndiyo kwanza imeanza, weupe ukajaa madirishani na mshindo ukafuata papo hapo. Taa zikazimika. Watoto wakalia, watu wakasimama, vyombo vikanyamaza kimoja kimoja. Ngassa, aliyekuwa akiongoza, peke yake hakushusha mkono. Alikuwa anamtazama Philomena.

Baadaye walisema alikuwa jasiri. Mwenyewe anakataa. Anasema kukaa kimya akingojea radi nyingine kulikuwa kunamuua, ndipo mikono ikaanza kugonga ili asiisikie ikija. Tarumbeta ya kwanza ikamfuata, kisha ya pili, na walioshika njia ya mlangoni wakasimama walipo. Akalipiga lile pigo kubwa kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Akaacha. Katika ule ukimya filimbi ikaingia, nyembamba, ikitafuta.

Ndipo mvua ikaangukia bati. Sehemu ya nne nzima hakuna aliyeisikia. Watu waliona tu mashavu yakivimba na mzee akipunga mikono hadi mwisho. Walimpigia makofi, na mvua ilipopungua wakamwomba ule wimbo wa filamu, naye akaketi kwenye kinanda kikuukuu cha ukumbi, kisichohitaji umeme, akawapigia. Philomena alikuwa bado nyuma ya ngoma. Radi ilikuwa imepasua mti nyuma ya ukumbi. Hakuna aliyeumia.

Hofu haikumwisha, na asikudanganye mtu. Lakini kiangazi kilipofika bendi ilialikwa Nyalikungu, kule Maswa, na simfoni ikapigwa yote, anga ikiwa safi, ukumbi umejaa nusu. Safari hii Philomena alimchukua mama yake. Kwenye pigo kubwa mama huyo alishtuka. Filimbi ilipoingia, alijiziba mdomo kwa kanga na hakuitoa hadi watu walipoanza kutoka.

Kwenye gari la kurudi mama aliikunja ile kanga magotini.

"Gloria angekuwa na watoto wakubwa sasa," alisema.

Philomena alimshika mkono, na mama yake akaendelea: jinsi Gloria alivyokuwa mbishi, alivyopenda viazi vya kuchoma, alivyoogopa mbuzi dume wa jirani. Alizungumza njia nzima mpaka Bariadi.